Mawe ya Kilwa na Senti Mbili za Mjane

Jumapili ya 33 ya Mwaka C
Injili: Luka 21:5-19





Injili ya leo inatupeleka Yerusalemu, penye Hekalu. Watu wamesimama, wanalitazama jengo lile na kulisifu kwa uzuri wa mawe yake na kwa sadaka zilizolipamba. Si ajabu kwamba walilisifu. Mfalme Herode alianza kulijenga upya yapata miaka 20 kabla ya Kristo, na hata wakati Bwana wetu alipokuwa akihubiri, mafundi walikuwa bado wanaendelea na kazi. Ndipo Yesu anawaambia kwamba zitafika siku ambapo jengo lote lile litabomolewa hata chini. Mwaka 70 jeshi la Warumi liliuteka mji, na Hekalu likateketea.

Lakini tusikisahau kilichotangulia. Mistari michache tu kabla ya hapo, Mwinjili Luka ametuonyesha mjane maskini akitia senti zake mbili katika sanduku la hazina. Watu waliokuwa hapo Hekaluni siku ile waliyaona mawe, wakayasifu. Mjane hawakumwona. Aliyemwona ni Yesu peke yake. Hilo ndilo neno ninalopenda tulitafakari leo: macho yetu hutazama nini, nayo macho ya Mungu hutazama nini?

Ili tulielewe vizuri, nitawasimulia safari ya waumini wa parokia yetu ya huku Chamazi. Miezi michache iliyopita, makatekista, vijana na baadhi ya akina mama wa WAWATA walikodi gari dogo la abiria kwenda kukitembelea kisiwa cha Kilwa, nami nilifuatana nao. Wengi wetu tunaiona Barabara ya Kilwa kila siku. Tunaipita kwenda sokoni, kazini na hospitalini, lakini ni wachache waliowahi kuifuata hata kufika kwenye mji uliyoipa jina.

Tuliondoka alfajiri. Tukapita Mbagala Rangi Tatu, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, kisha Kibiti na Ikwiriri. Kabla ya mwaka 2003 msafiri alilazimika kuvuka mto Rufiji kwa pantoni, na mvua zikizidi watu walilala kando ya mto wakisubiri. Siku hizi lipo Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilometa moja. Mbele yake ni Somanga, mahali ambapo njia ilikatika Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya na mafuriko yake. Kutoka Nangurukuru mtu huiacha barabara ya Lindi, akashika njia ya kushoto kuelekea baharini, mpaka Kilwa Masoko. Hapo ulichukua kibali, ukapanda mashua, na baada ya muda mfupi unatia mguu Kilwa Kisiwani.

Wapendwa, kisiwa hicho leo ni kimya. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima, watu wakarimu, waliotupokea kwa heshima. Lakini zamani kilikuwa mojawapo ya miji mikubwa ya pwani yote ya Afrika Mashariki. Dhahabu iliyotoka bara, ikapitia Sofala kule Msumbiji, ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika hapo, akausifu mji kwa uzuri wake. Mtawala wa siku hizo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliupanua Msikiti Mkuu kwa nguzo na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Akajenga pia juu ya jabali kasri liitwalo Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Mwaka 1944 sarafu chache za namna hiyo ziliokotwa mbali sana, katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Tukasimama ndani ya Msikiti Mkuu. Nyumba yoyote ambamo watu wamemsujudia Mungu kwa karne nyingi inastahili adabu, nao vijana wetu walivua kofia zao bila kuambiwa. Baadhi ya makuba bado yapo. Mengine yameanguka, na jua linaingia mpaka sakafuni. Kijana mmoja akamwamkia mzee wa kisiwani aliyekuwa akituongoza, akamwuliza: "Shikamoo, babu. Ni akina nani waliojenga yote haya?" Mzee akaitikia marahaba, akawataja masultani kwa majina na kwa mfuatano wao. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Hao ni wenye nyumba, mjukuu wangu, na majina yao tunayo. Waliobeba mawe hatuwajui."

Ndugu zangu, naliona jibu hilo kuwa ufafanuzi mzuri wa Injili ya leo. Waliobeba mawe hatuwajui. Sisi hatuwajui, lakini Mungu anawajua mmoja mmoja. Tangu hapo niliyatazama magofu yale kwa jicho jingine, nikaanza kuwatafuta watu ambao historia imewapitia bila kuwataja.

Kwanza, nilimkumbuka yule sultani mkarimu. Ibn Battuta anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizokuwa amevaa, na Sultani akaenda kuzivua, akampa. Sote tungetamani kuwa na moyo kama huo. Lakini simulizi linaendelea kwamba baadaye aliamuru maskini yule aongezewe zawadi: watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sikilizeni vizuri. Katika orodha ya zawadi, watu kumi wamewekwa pamoja na pembe. Mpokeaji tunamjua alikotoka. Mtoaji tunamjua hata jina. Wale kumi je? Walitoka kijiji gani? Mama zao waliwalilia siku ngapi? Moyo mkunjufu sana unaweza kuwa na kona yenye giza ambayo mwenyewe haioni, kwa sababu jambo lile ni desturi na kila mtu hulifanya.

Pili, tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la dini ya wengine. Julai 1505 Wareno walifika Kilwa na merikebu zao, wakiongozwa na Francisco de Almeida. Wale walikuwa Wakristo, tena Wakatoliki kama sisi. Imeandikwa na mmoja aliyekuwamo katika safari ile kwamba mapadre walishuka na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba utenzi wa kumshukuru Mungu. Msalaba ukawekwa katika jumba la mtawala, jemadari akasali, na baada ya sala hiyo askari wakaanza kuupora mji. Haya hatuyasemi kwa kujitesa. Tunayasema kwa sababu ni kweli, na Kanisa haliiogopi kweli. Msalaba uliinuliwa, na chini yake watu wakanyang'anywa mali zao.

Wareno walijenga ngome pale ufukoni, wakaiacha mwaka 1512. Jengo tunaloliona leo mahali hapo, ambalo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye, linaitwa Gereza. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno hilo la Kiswahili limetoka katika neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Hebu litafakarini, wapendwa. Neno lililomaanisha nyumba ya Mungu limekuja kumaanisha nyumba ya wafungwa! Watu wa pwani waliwaona wageni wale wakisali na wakifunga watu, wala hawakuona tofauti. Kila Mkristo, na hasa kila katekista, na ajiulize: jirani asiye wa imani yangu akisikia neno "kanisa", picha gani inamjia kutokana na maisha yangu?

Tatu, kuna waliouzwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia zaidi ng'ambo ya bara, Kilwa Kivinje. Misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa, watu wakitembea kwa majuma mengi wakiwa wamefungwa, na kila mwaka maelfu wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa na kuizuia biashara hiyo baharini, lakini maovu yaliyozoeleka hayafi siku moja. Mjini Kivinje hukumbukwa pia walionyongwa na Wajerumani, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Na miaka kumi baadaye, vita vya Majimaji vilipowaka kusini, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Wabenediktini aliuawa karibu na Liwale, Agosti 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ardhi hii imekunywa damu ya watu wa kila upande.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mazungumzo haya. Tulipokuwa tukirudi, gari lilisimama Nangurukuru ili dereva apumzike na sisi tununue korosho. Mama mmoja akamjia dereva akiwa amemshika mkono binti mdogo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu hivi, na nguo zake zimefungwa katika mfuko wa plastiki. Yule mama akasema: "Kaka, nisaidie huyu mtoto. Mshushe Mbagala, kuna watu watampokea. Nauli watakulipa huko huko."

Dereva alikuwa radhi. Nafasi ilikuwapo. Lakini katekista wetu mmoja, mama mtu mzima, akashuka garini akamsalimia yule mama kwa upole, kisha akamwuliza: "Dada yangu, huyu ni mwanao?" Hapana, hakuwa mwanawe. "Anakwenda kufanya kazi gani?" Kazi za ndani. "Atalipwa kiasi gani?" Watajuana huko huko. "Shule je?" Kimya. Ndipo katekista akainama kwa mtoto, akamwuliza: "Mwanangu, wewe unataka kwenda?" Mtoto akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo: "Bibi hajui."

Jua lilikuwa linashuka. Abiria wengine walianza kunung'unika kwamba tutafika usiku, na kwamba mambo ya watu wengine hayatuhusu. Katekista akasema: "Tumetoka kuwalilia watu waliokufa zamani, ambao hatuwezi kuwasaidia tena. Huyu yu hai." Hakuna aliyepata la kujibu. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, bibi akatafutwa, akaja mbio na kanga yake begani, akamkumbatia mjukuu wake mbele yetu sote. Tulichelewa saa tatu. Tulifika Chamazi usiku wa manane, na sidhani kama yupo aliyejuta.

Kabla hatujaondoka, simu ya yule mama iliita. Walikuwa wenyeji waliomsubiri mtoto. Katekista akazungumza nao. Nyumba ile, wapendwa, haikuwa ya watu wasiomjua Mungu. Walikuwa waumini, watu wanaosali kila Jumapili na kutoa zaka. Wala hawakuwa watu wakatili. Walishangaa kabisa kuulizwa. Walisema: "Sisi tulitaka kumsaidia. Kila mtu anafanya hivyo."

Ndiyo maana nawaomba leo tusiishie kuwalaumu masultani na Wareno. Barabara ile ile inayopita karibu na nyumba zetu ndiyo inayowaleta mabinti kutoka Kilwa, Lindi na Mtwara, kama nyingine zinavyowaleta kutoka Singida, Dodoma na Iringa. Kufanya kazi ya nyumbani si aibu. Ni kazi halali, na mtu mzima aliyeichagua, anayelipwa haki yake na kupumzika, ana heshima sawa na karani na mwalimu. Aibu ni mtoto aliyetolewa shuleni. Aibu ni mshahara unaozuiliwa mwaka mzima kwa maneno kwamba "nakutunzia". Aibu ni binti anayelala jikoni chini, anayekula mabaki, asiyeruhusiwa kupiga simu kwao, anayeitwa "wewe" siku zote kana kwamba hakubatizwa wala hakupewa jina na mamaye. Sheria za nchi yetu ziko wazi: mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na tangu mwaka 2008 tuna sheria inayokataza usafirishaji haramu wa binadamu. Lakini kabla ya sheria ya Bunge ipo amri ya Mungu, na Mtume Yakobo alikwisha kutuonya kwamba kilio cha kibarua aliyedhulumiwa ujira wake kinafika masikioni pa Bwana.

Kuna jambo jingine la kuligusa kwa ufupi. Huku Chamazi watu wanaongezeka, na parokia nyingi zinajenga. Tunachangishana saruji, mabati na nondo. Ni vema, na wanaotoa wabarikiwe. Nyumba ya Bwana inastahili kuwa nzuri. Lakini Injili ya leo inatukumbusha kwamba Kristo hakuyahesabu mawe, bali alimhesabu mjane. Sarafu za shaba za Kilwa zimefukuliwa mchangani na kuwekwa katika makumbusho. Senti mbili za mwanamke yule hazikuokotwa na mtu yeyote, nazo zinahubiriwa duniani kote mpaka leo. Tukimaliza kujenga kanisa zuri, na binti anayetupikia chakula cha Jumapili hajawahi kuruhusiwa kufika katika Misa, tutakuwa tumejenga nini?

Nawapa mambo matatu ya kufanya juma hili. Jambo la kwanza, kila mwenye msaidizi nyumbani akae naye leo jioni, si kwa kusimama mlangoni, bali kwa kuketi. Amwulize habari za kwao, ampe nafasi ya kuzungumza na wazazi wake, na kama kuna deni la mshahara, alilipe. Jambo la pili, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wajue katika kila nyumba wanaishi watu wangapi, akiwamo yule asiyetajwa kamwe wakati wa kuhesabu wanafamilia. Wasiende kama polisi. Waende kama ndugu. Wakimkuta mtoto anayeteswa, wasinyamaze kwa kumwonea haya jirani, bali waende kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Jambo la tatu nawaambia makatekista. Katika mafundisho ya Kipaimara na ya Ndoa, lifundisheni jambo hili waziwazi pamoja na amri ya saba, maana kuiba jasho la mtu na kuiba utoto wake ni wizi.

Wapendwa, katika sehemu ya mwisho ya Injili ya leo Bwana anatuonya juu ya vita, matetemeko na mateso, kisha anatupa faraja kwamba hata unywele mmoja hautapotea mbele za Mungu kwa wale wanaodumu. Yeye anayezihesabu nywele amewahesabu pia waliobeba mawe ya Kilwa, wale kumi waliotolewa zawadi, na wote waliotembea na minyororo hadi Kivinje. Amemhesabu na binti aliye jikoni kwako saa hii, anayeisikia redio hii kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Ufungue mlango huo wote, umwite kwa jina lake, aje akae nanyi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwona mjane wakati sisi tukiyashangaa mawe, utupe macho yako. Uwapumzishe wote waliouzwa na kusahauliwa katika pwani yetu. Uzibariki nyumba zetu, pasiwe humo hata mmoja anayelia bila kusikika. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.